Mchanga wa Bethel

3 Juni

Daftari la mwaka jana liliishia kwa mazishi matatu mfululizo. Hili nalifungua kwa hesabu.

Nyumba ya mdogo wangu Verena: futi thelathini kwa ishirini na nne. Mzunguko wa kuta futi 108, kimo futi tisa. Ukitoa milango na madirisha zinabaki futi za mraba 840. Kila futi nane za mraba hula matofali tisa ya saruji, kwa hiyo matofali 945. Naongeza matano kwa kila mia kwa ajili ya yatakayovunjika, 992. Mfuko mmoja wa saruji, kwa mchanga mara tatu yake, hutoa mota, ule udongo wa saruji wa kushikanisha matofali, ya kujengea matofali thelathini na matano. Mifuko ishirini na tisa. Mchanga futi za ujazo themanini na saba ukiwa mkavu, lakini mchanga haufiki kwa mtu ukiwa mkavu, na wenye unyevu hufura. Naongeza robo. Yadi nne za ujazo.

Nilifanya hesabu za namna hii kwa miaka thelathini na moja katika idara ya ujenzi kule Plymouth, mji mkuu wa kisiwa chetu, mpaka mlima wa volkano ulipoufunika mji, na ofisi, na meza yangu. Verena aliondoka kwenda Uingereza mwaka uliofuata, baada ya miezi kumi na minne ya kulala kanisani huku kaskazini, familia kumi na moja, shuka zikiwa ndizo kuta. Amekaa Leicester miaka kumi na sita. Sasa ana miaka sitini na minane, ameandika barua ya kuirudisha nyumba aliyopanga, na tiketi yake ni ya mwanzo wa Desemba. Sharti lake ni moja, halijabadilika tangu siku alipopanda meli: "Nikirudi, Dada, narudi ndani ya ukuta. Sirudi nyuma ya shuka."

5 Juni

Fundi Josiah Cabey amekuja kuangalia kiwanja, hapa kando ya nyumba yangu. Ni mtu wa Bethel kama sisi. Nusu ya kuta za kijiji chetu alizijenga yeye, na zote sasa ziko chini ya majivu na tope. Nilimwonyesha karatasi yangu, na kipimo cha ndoo nilichoandika chini yake. Aliisoma kwa mbali, kama mtu anayesoma barua ya wito wa mahakama.

"Ndoo?" alisema. "Bi Euphemia, mimi nachanganya kwa koleo tangu nikiwa na meno yote."

"Na sasa umebakiwa na mangapi?"

"Ya kutosha kutafuna shelisheli."

"Koleo la asubuhi si koleo la alasiri, Cabey. Ukichoka linapungua. Ndoo haichoki."

"Haya, ndoo. Lakini ukuta ukiuliza nani kaujenga, usiseme ni mimi. Sema ni karani."

Tukakubaliana: mfuko mmoja, ndoo tano na nusu za mchanga wenye unyevu. Nimefurahi kuwa naye. Kuna mambo ambayo sihitaji kumweleza.

12 Juni

Mvua. Mtaro wa msingi umejaa maji. Hakuna kazi.

16 Juni, Jumapili

Verena alipiga simu baada ya ibada. Huuliza swali lile lile: "Ukuta una kimo gani?" Nikamwambia bado tuko chini ya ardhi. "Basi chimbeni haraka," alisema, "huku nimeshaanza kugawa sufuria."

20 Juni

Cabey amemleta mwashi wa pili, mtu wa Guyana aitwaye Deonarine, wa miaka kama arobaini, mkimya, mwenye mwiko mwembamba usiofanana na wa kwetu. Ananiita shangazi. Sina undugu naye, na nilimwambia hivyo. "Sawa, shangazi," akajibu, akaendelea kufunga kamba.

Niandike ukweli, kwa kuwa hili ni daftari langu: sikupenda. Watu wetu wametawanyika Uingereza na Antigua, na wanaozijenga nyumba zetu ni watu ambao hawakuiona hata siku moja barabara ya Bethel asubuhi.

27 Juni

Msingi umemiminwa. Mchanga wa msingi ulitoka kwa muuza mchanga wa magharibi, umeoshwa. Mweusi, mkali mkononi. Mzuri.

2 Julai

Leo limetokea jambo.

Saa nne asubuhi lori lilipanda kilima likiunguruma. Cabey alikuwa mbele pamoja na dereva, uso umejaa vumbi la kijivu, nyusi na yote. Akashuka, akafungua mlango wa nyuma wa lori, akasimama pembeni kama bwana arusi.

"Yadi nne, Bi Euphemia. Kama karatasi yako ilivyosema."

"Umetoka kwa muuza mchanga?"

"Nimetoka nyumbani."

Sikuelewa. Akarudia polepole. Alivuka lango la eneo lililofungwa na serikali tangu mlima ulipolipuka, yeye na dereva, kabla jua halijachomoza, wakateremka mpaka kwenye korongo la Bethel, lile lililokuwa likipita nyuma ya shule. Limejaa hadi ukingoni. Kila mvua kubwa inapolinyeshea lile lundo la majivu kule juu, mlima huteremsha tope na mchanga mpya. Walichota hapo hapo juu, penye mchanga laini, wakarudi.

"Na kama wangekukamata?"

"Wangenikamata nikiwa kwetu. Si vibaya."

Lori liliinua mgongo, mchanga ukateremka kiwanjani ukitoa sauti kama ya mtu anayetuliza mtoto. Nikauendea. Nikatumbukiza mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko. Ulikuwa na ubaridi wa chini, na harufu ya kiberiti kwa mbali, na chini ya kiberiti, naapa, harufu ya korongo lile. Chini ya mchanga huo liko jiko la mama yetu. Iko shule niliyojifunzia kugawanya. Niliwaza: Verena anataka ukuta, nitampa ukuta wenye Bethel ndani yake, katika kila ungio, kati ya kila tofali na jingine.

Nilimpikia Cabey chai ya majani na nikamkatia mkate wa muhogo. Alipomaliza aliniambia, "Ulipolia nilidhani nimekosea."

9 Julai

Kozi ya kwanza, mstari wa chini kabisa wa matofali. Cabey aliweka pembe, Deonarine akajaza katikati. Kabla ya kuchanganya, Deonarine alichota mchanga kwenye kiganja, akausugua, akautazama ule utando wa kijivu uliobaki kwenye ngozi.

"Shangazi, mchanga huu umeupima kwa chupa?"

"Nilikuwa napima mchanga kwa chupa kabla hujazaliwa."

"Najua. Nauliza huu."

Cabey alicheka. "Huyu kwao mchanga ni mweupe kama unga. Akiona mweusi anadhani mchafu."

"Kwetu mchafu ni mchafu hata ukiwa mweupe," Deonarine alisema, lakini kwa upole, akachukua koleo. Niliingia ndani kutafuta miwani ambayo ilikuwa shingoni.

10 Julai

Cabey anausifu mchanga. Mota inateleza kwenye mwiko kama siagi, haidondoki, haikatiki. "Una mafuta," anasema. "Mchanga wa kwetu una mafuta."

21 Julai, Jumapili

"Una kimo gani?" "Kozi tatu." Nilimweleza habari za mchanga. Akauliza, "Wa nyuma ya shule?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Dada."

30 Julai

Joto. Majivu kidogo asubuhi, upepo ulikuwa wa kusini. Nilifagia baraza mara mbili.

6 Agosti

Kozi ya sita. Fremu za madirisha zimesimamishwa.

11 Agosti, Jumapili

"Una kimo gani?" "Madirishani." Amechagua rangi ya pazia.

19 Agosti

Katika maungio ya kozi za chini naona nyufa nyembamba kama nywele. Mota mpya hupata nyufa ikikauka haraka na jua. Nimewaambia wamwagie maji jioni.

20 Agosti

Deonarine anamwagia maji bila kuambiwa mara ya pili. Humwagia kwa mkebe wenye matundu, polepole, kama mtu anayenywesha miche. Leo aliniuliza kama nina kitabu cha kumwazima. Nilimpa kimoja cha historia ya visiwa. Mikono yake aliiosha kwanza.

28 Agosti

Alikirudisha. Amekisoma chote. Ana maswali manne, mawili siwezi kuyajibu.

2 Septemba

Kozi ya tisa. Redio inasema kuna mawimbi mawili ya hewa, yale yanayozaa vimbunga, yametoka pwani ya Afrika. Kila mwaka hutoka.

6 Septemba

Kozi ya kumi na moja. Matofali 731 yamekwisha kujengwa, mifuko ishirini na mmoja imetumika. Hesabu yangu inakwenda sawa na ukuta, na hilo lilinifurahisha kupita kiasi. Jumamosi ya wiki ijayo tunamimina zege kwenye matundu ya pembe, palipo na nondo. Zege likishashika, ukuta hautenganishiki tena isipokuwa kwa nyundo kubwa.

9 Septemba

Nitaandika kwa utaratibu.

Asubuhi nilikwenda kuukagua ukuta peke yangu. Waashi walikuwa bado. Pini ya nywele ilianguka, nikaiokota, na bila kufikiri nikaikwaruza kwenye ungio la kozi ya pili. Mota hiyo ina miezi miwili. Pini iliingia. Haikukwaruza, iliingia, kama inavyoingia kwenye keki iliyoiva, na ilipotoka ilifuatwa na unga wa kijivu. Nikajaribu pembeni, nikajaribu upande wa bahari, nikajaribu chini ya dirisha. Unga, unga, unga.

Nilirudi ndani, nikaosha chupa ya jemu. Nikatia mchanga kutoka kwenye lundo, inchi mbili. Maji mpaka karibu na mdomo, kijiko cha chumvi. Nikatikisa kwa dakika nzima kwa saa ya ukutani, nikaiweka dirishani. Kwa inchi mbili za mchanga, tope linalotulia juu yake lisizidi moja ya nane ya inchi. Ndivyo nilivyowafundisha makarani kumi na wawili. Kila lori, nilikuwa nawaambia. Hata kama dereva ni kaka yako.

Nilikaa nikiitazama chupa mpaka alasiri. Mchanga ulitulia mara moja, mweusi. Juu yake likaanza kujipanga tope la kijivu, laini, lisilo na haraka. Majivu. Ndiyo yale mafuta aliyokuwa akiyasifu Cabey. Yanaifanya mota iteleze, halafu yanakaa kati ya saruji na chembe ya mchanga, na saruji haishiki. Nilipima kwa rula: zaidi ya nusu inchi. Mara nne ya kinachovumilika na ziada.

Sikukosa ujuzi. Hilo ndilo ninalotaka libaki limeandikwa. Nilijua namna ya kupima, chupa ninazo, dirisha ninalo. Sikupima kwa sababu sikutaka kuambiwa neno lolote kuhusu mchanga ule. Mtu aliponiuliza kwa adabu nilimjibu kwa umri wangu.

Deonarine alipokuja kuchukua pima-maji aliiona chupa dirishani. Akasimama.

"Unajua tangu lini?" nilimuuliza.

"Sikujua, shangazi. Nilishuku. Kushuku si kujua."

"Kwa nini hukusema tena?"

Alifikiri. "Nilikuona siku ile ulipotumbukiza mikono. Nikasema, huu si mchanga tu kwake. Halafu nikasema, labda saruji itatosha. Nami nina kosa."

"Zege likimiminwa Jumamosi?"

"Pembe zitakuwa nzuri. Ukuta kati ya pembe na pembe utakuwa wa unga. Upepo mkubwa mmoja."

10 Septemba

Nilimwita Cabey nikamwonyesha chupa. Hakutaka kuishika.

"Kwa hiyo chupa ya jemu inajua kuliko mimi."

"Ingiza pini, Cabey. Ingiza mwenyewe."

"Nimejenga miaka arobaini na mitano. Ukuta wangu upi umeanguka? Mlima umezifukia, sawa. Umezifukia zikiwa zimesimama."

"Mchanga wa zamani ulikuwa wa mto. Huu umetoka mlimani juzi."

"Mchanga wa kwetu ni mchanga wa kwetu." Alirudi nyuma hatua moja. "Nimehatarisha kufungwa kwa ajili yako na Verena. Sasa unaniletea mgeni na chupa yake."

"Chupa ni yangu."

Aliondoka bila kuchukua kofia. Iko hapa, juu ya kiti. Ina mzunguko wa chumvi ya jasho ndani yake.

11 Septemba

Redio: dhoruba imeshajikusanya mashariki yetu. Siku nne, labda tano. Matofali yanayoangushwa na upepo huvunjika, na huua. Bi Claristine, jirani yetu wa chini, ana wajukuu wanaocheza upande ule.

Nimemaliza kuamua. Nimepita nyumba kwa nyumba kuitisha msaragambo kwa kesho. Watu wa kwetu huitana hivyo kwa kujenga, kulima, kuhamisha nyumba ya mbao. Hakuna aliyewahi kuitana kwa kubomoa. Mlango wa tatu mwanamke aliniambia, "Bi Euphemia, hivi uko salama?" Nikamwambia alete glavu.

12 Septemba

Walikuja watu kumi na tisa. Wanane ni wa Guyana, walioitwa na Deonarine. Wengine ni wa kanisani. Bi Claristine alichinja mbuzi wake mwenyewe akapika mchuzi kwenye pipa, huku akisema kwa sauti ili nisikie, "Nimepika mchuzi wa kujengea maisha yangu yote. Huu sijui niutie chumvi gani."

Walikuwa wametengeneza mstari lakini hakuna aliyegusa ukuta. Walinitazama mimi. Nilikuwa nimeshika patasi na sikujua pa kuanzia.

Hapo Cabey alipanda kilima, kichwa wazi, na nyundo ya ratili kumi begani.

"Pisheni," alisema. "Mnataka kubomoa ukuta wa Josiah Cabey? Subirini niwaonyeshe. Nitapiga pembe ya bahari, pembe niliyoiweka mwenyewe. Ukianguka kwa mapigo matano, niiteni mjinga mbele ya watoto wangu."

Alipanda kwenye jukwaa la mbao mpaka kozi ya juu. Ili apate nafasi ya kuzungusha nyundo aliweka mkono wa kushoto juu ya tofali la pembe, akajiegemeza kidogo tu. Tofali likasogea.

Aliweka nyundo chini. Akalishika tofali kwa mikono miwili, akaliinua juu ya nondo, na likaja, kimya, kama mkate unaotolewa kwenye chombo kilichopakwa mafuta. Chini yake mota ilibaki nzima kwa kitambo kidogo, na alama ya tofali juu yake, kisha upepo ukaanza kuichukua.

Cabey alibaki amelikumbatia lile tofali. Watu walitazama chini, na ninawashukuru. Halafu Deonarine akapanda, akanyoosha mikono, akasema, "Nipe, mzee wangu." Cabey akampa. Deonarine akampa aliyefuata, na lile tofali likapita mkono kwa mkono mpaka chini, na mstari ukaanza kwenda.

Tulimaliza saa tisa. Nyundo haikutumika. Wanawake walikuwa wakikwangua mota kwa mgongo wa panga na matofali yalitoka safi, kana kwamba hayajawahi kujengewa. Udhaifu wa ukuta ndio uliotuokolea matofali. Nilihesabu: yamevunjika arobaini na matatu tu. Yamebaki 688.

Mchuzi ulikuwa na chumvi ya kutosha. Nilimpa Cabey kofia yake. Aliivaa bila kuniangalia.

14 Septemba

Madirisha yamepigwa mbao. Matofali tumeyapanga chini na kuyafunga kwa kamba.

15 Septemba, Jumapili

Dhoruba imepinda kusini usiku wa kuamkia leo. Hatukupata hata upepo wa kuangusha ndizi. Mvua nyepesi, basi.

Bi Claristine alinikuta langoni pa kanisa. "Na ukuta ungekuwa umesimama mpaka sasa," alisema. Hakusema kwa ubaya. Ni kweli. Ungekuwa umesimama leo, na labda mwaka mzima, na labda mpaka niwe nimekwisha kufa. Sitajua. Nimekaa mchana mzima na jambo hilo na sijaona namna ya kulipatia hesabu.

Kisha simu.

"Una kimo gani, Dada?"

"Hauna kimo. Tumeubomoa."

Nilimweleza yote, pini, chupa, na swali nililoulizwa mwezi wa Julai nikalikwepa. Niliweka wazi kwamba kosa si la Cabey.

"Mchanga wa nyuma ya shule," alisema.

"Ndiyo."

"Nimeshatoa taarifa ya kuirudisha nyumba. Kuna familia imeshakuja kupima mapazia yao."

"Waambie umeahirisha. Mifuko minane ndiyo iliyobaki. Meli ya saruji haijulikani. Desemba hakutakuwa na nyumba, Verena."

"Kwa hiyo ni shuka tena."

"Ni chumba changu. Kina mlango."

"Chumba cha mtu mwingine," alisema, akakata simu. Hajawahi kukata kwanza.

22 Septemba, Jumapili

Hakupiga.

29 Septemba, Jumapili

Hakupiga. Mvua kubwa tangu alfajiri.

1 Oktoba

Cabey amekuja asubuhi na mapipa matatu ya plastiki kwenye toroli. Hakusalimu vizuri. Alitega mapipa chini ya mfereji wa paa langu, akatia mchanga wa Bethel koleo nne nne, maji yakaingia, akakoroga kwa mti, akamwaga maji ya juu. Yalitoka ya kijivu, mazito kama uji. Akarudia. Mara ya tatu maji yalitoka kama chai ya maziwa. Mara ya tano yakatoka karibu safi.

"Utapoteza robo ya lundo," nilimwambia.

"Umesema nusu inchi kwa mbili. Hiyo ni robo. Hata mimi najua kugawanya." Akaendelea kukoroga. Baadaye kidogo akasema, "Kilichobaki si kitakuwa cha kwetu bado?"

Nilikwenda kuleta chupa.

8 Oktoba

Anaosha. Deonarine anamsaidia akitoka kwenye kibarua chake kingine. Wanagombana kuhusu idadi ya maji. Cabey anataka mara tano, Deonarine saba.

"Unaosha mchanga au unambatiza?" Cabey anamuuliza.

"Namfundisha adabu ambayo mzee wake hakumfundisha."

Chupa ya leo: uzi mwembamba tu wa kijivu, usiofika hata moja ya kumi na sita. Nilikuwa nimesema maji mara sita, kumaliza ugomvi.

13 Oktoba, Jumapili

Hakupiga. Nilipiga mimi. Mwanamke nisiyemjua alipokea, akasema Verena yuko kanisani.

26 Oktoba

Meli haijaleta saruji. Mifuko yangu minane iko juu ya mbao, nimeifunika kwa turubai mara mbili. Nimefungua mmoja: bado ni unga, hauna madonge. Minane itajenga matofali 280. Kozi tatu, na ya nne haitakamilika.

Cabey aliuliza kama tusubiri mpaka meli ije. Nilisema tujenge kilichopo. Sikuweza kueleza kwa nini, naye hakuuliza.

11 Novemba

Kozi ya kwanza, kwa mara ya pili. Mota sasa ni kavu kidogo, inakwaruza mwiko, inadondoka. Cabey analalamika kama mtu anayelalamikia chakula cha hospitali. Baada ya siku saba nitaingiza pini.

18 Novemba

Pini imepinda.

24 Novemba, Jumapili

Simu. Hakusalimu.

"Ndege ya Antigua ni ile ile," alisema. "Nimempa yule mwanamke wa mapazia funguo za ziada. Una kimo gani?"

"Kozi mbili na nusu."

"Hiyo ni kiasi gani kwa mtu?"

"Kwako? Chini ya goti."

"Sijasema nimesamehe," alisema. "Nimesema ndege ni ile ile."

3 Desemba

Ametua saa saba, na mzigo mdogo kuliko nilivyotarajia. Amepungua. Nywele zimekuwa nyeupe zote na hakuniambia. Tulishikana mikono kama watu wa benki, kisha tukashikana vizuri.

Nilitaka kumpeleka ndani kwangu apumzike, nimetandika kitanda, nimeweka maji. Hakugeuka. Alikwenda moja kwa moja kiwanjani. Cabey na Deonarine walikuwa wamechanganya mota ya mfuko wa mwisho, wakiifuata kozi ya nne kutoka upande wa bahari. Ilikuwa imefika katikati ya ukuta wa mbele.

Penye mlango palikuwa na karai na toroli. Verena alipita pembeni, pale kozi ya nne ilipokuwa haijafika, akaweka kiganja juu ya ukuta, akakunja sketi ya safari kwa mkono mwingine, akapandisha mguu mmoja, kisha wa pili, akawa ndani. Nilitaka kumzuia kwa sababu ya goti lake. Cabey alivua kofia. Deonarine alibaki ameinua mwiko.

"Josiah," alisema.

"Verena."

"Chumba changu kipi?"

Cabey alionyesha kwa kidole, pembe ya kusini. Alikwenda akasimama hapo. Ukuta ulimfika magotini pande mbili, na juu ya ukuta upepo ulikuwa unapita, na ng'ambo ya mabonde mlima ulikuwa wazi kabisa, bila wingu, na moshi wake mweupe. Aliutazama kwa muda.

Kisha akageuka akatukuta sote watatu tumesimama, tukimngoja kana kwamba yeye ndiye fundi.

"Mbona mmesimama?" alisema. "Si hiyo mota inakauka?"

Deonarine alikuwa wa kwanza kuinama kuchota mota.